Kokwa Mbili na Ufunguo wa Ghala

Jumatatu, 7 Januari

Theluji imefika magotini. Mlima Ayashi hauonekani kabisa. Duka nimelifunga, maana hakuna mtalii mwenye akili timamu atakayepanda huku kununua mawe yanayometameta katika baridi hii. Sawa tu. Nina jambo kubwa zaidi.

Mwaka huu ufunguo ni wangu!

Ufunguo wa ghala la mtaa, nasema. Mle ndani mna kuni, unga, dengu, mablanketi, kila kitu ambacho watu wamechanga tangu mavuno ya matufaha kwa ajili ya nyumba zitakazobanwa na baridi. Mshika ufunguo ndiye anayepita mlango kwa mlango na punda wa kuni. Ndiye anayesema nani apelekewe kwanza. Ndiye anayeitwa baba hata na watu wa rika lake. Akiingia msikitini, watu wanasogea kumpisha. Miaka yote hii anayesogea ni mimi.

Na mshika ufunguo hachaguliwi kwa kura. Jumapili hii ni mwaka mpya wetu wa Kiamazighi, na mtaa mzima utakula tagula, ule uji mzito wa shayiri, ambao ndani yake hufichwa kokwa moja ya tende. Atakayeiuma ndiye mwenye baraka ya mwaka, na ufunguo ni wake. Mwaka jana aliiuma nani? Haji Zaydi, mfanyabiashara wa matufaha, mtu ambaye tayari ana lori, bohari na meno yote! Kauvaa ule ufunguo shingoni mwaka mzima. Hata hamamuni anaingia nao.

Nimemwambia mke wangu Izza kwamba nautaka kwa ajili ya maskini. Izza akajibu kwamba kama ni maskini tu, sebuleni kwetu kuna jiko la kuni ambalo halijawahi kuwashwa tangu tulinunue, na jirani yetu Tuda, mjane, anapikia, anaotea moto na kukaushia nguo za wanawe kwenye chungu kimoja cha makaa. Nilibebe nimpelekee. Leo. Bila ufunguo wala matarumbeta.

Izza ni mwanamke mwema lakini siasa haijui. Jiko likitoka leo, nani ataliona? Njia ni tupu! Kwanza ufunguo, kisha jiko, tena mchana kweupe, mbele ya mashahidi.

Jumanne, 8 Januari

Mpango umeiva.

Kokwa nitaipata, njia ninayo. Lakini mtu akiipata bila kuwa na sifa, watu hunong'ona. Kwa hiyo wiki hii nzima watu wanione nikiteseka pamoja na maskini. Nimetoa jelaba langu kuukuu, ile kanzu nzito yenye kofia, lile lililoliwa na nondo mpaka likawa kama chujio. Nimeuzima moto wa chumba cha kulala ili bomba letu la upande wa njia lisitoe moshi. Tena nitapeleka mkate mwenyewe kwenye tanuri la mtaa, ambako nyumba zote huoka, mmoja tu juu ya ubao, wote waone jinsi ninavyojinyima.

Izza aliniangalia nikimwaga maji kwenye moto. Akachukua ngozi yake ya kondoo, akahamia jikoni kule nyuma kwenye moto wake, akafunga mlango. Baadaye ndiyo nikasikia sauti yake, eti nikichoka kuwa walii nigonge.

Sitagonga. Vidole sivisikii, lakini moyo uko imara.

Jumatano, 9 Januari

Mafanikio makubwa!

Asubuhi nilipita sokoni na jelaba la matobo, taratibu, upande wa upepo. Watu waliacha mazungumzo. Wawili waliinamisha vichwa. Muuza viungo alinitazama kwa macho ya unyevu. Heshima imeanza, na hata kokwa sijaigusa.

Kisha ajabu. Nilikabidhi tanurini ubao wenye mkate mmoja. Nilipokwenda kuuchukua, nilikuta mikate minne ya moto na kitambaa kilichofungwa fundo, ndani yake dengu. Nikamwambia Hmad mwoka mikate kwamba amechanganya mbao. Hmad akaukazia macho ukuta na kusema ubao ni wangu, niondoke, nyuma kuna foleni.

Desturi ya tanuri letu ni hiyo tangu enzi za mababu. Ukiona ubao mwepesi, unauongezea uzito, unapita zako, na hutaji kamwe ulichotoa. Mwenye ubao haulizi, hashukuru, harudishi. Kurudisha ni kumtukana aliyetoa.

Nimekaa nikatafakari. Bila shaka ni zawadi za heshima. Watu wameshaniona kiongozi na wanaanza kunitunza mapema. Dengu ni nzuri sana. Nimezila baridi, maana moto wangu umezimwa na kugonga sigongi.

Alhamisi, 10 Januari

Balaa!

Nilifungua mlango asubuhi nikakuta mzigo wa kuni umeegemezwa ukutani. Juu yake jozi ya soksi za sufu, za kijivu, zenye mstari mwekundu juu. Mstari ule naujua. Katika mji huu mtu anayefuma hivyo ni mmoja tu, naye ni Tuda.

Kabla sijaelewa, akatokea Haji Zaydi. Akaniwekea mkono begani. Akaniongelesha kwa ile sauti ya kumjulia hali mgonjwa.

"Bassu, ndugu yangu, usione haya. Hii ni mitihani tu. Watalii watarudi, duka litachangamka. Sisi tupo."

Nikamuuliza mitihani gani. Akanikumbatia! Ufunguo wake ukanichoma kifuani. Akasema mtaa mzima umeona bomba halitoi moshi, umeona jelaba, umeona ule ubao wa mkate mmoja, na mtu anayeficha shida yake kwa ushujaa namna hii anastahili dua.

Wanadhani nimefilisika! Mimi! Mwenye majiko mawili!

Nilikimbia nikagonga jikoni. Izza alipolisikia jambo lenyewe alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamwambia nitamrudishia Tuda soksi zake mara moja. Akaacha kucheka, akaniuliza kama nataka kumtukana mjane aliyenifumia soksi usiku na mchana huku yeye mwenyewe hana jiko. Dawa ni moja, kasema. Mpelekee jiko.

Lakini sasa ndiyo haiwezekani kabisa! Nikionekana natoa jiko nyumbani, watasema nimeanza kuuza vyombo.

Soksi zina joto la ajabu. Siwezi kudanganya hata humu. Nilipozivaa nilijisikia vibaya kwa muda, halafu miguu ikapata moto nikasahau.

Ijumaa, 11 Januari

Nimegeuza balaa kuwa faida. Kama wananihurumia, vizuri. Huruma nayo ni mlango.

Wanawake wamemteua Tuda kuwa mpishi wa tagula ya mwaka huu. Baada ya swala nikaenda kwake na maneno laini. Nikaona chumba chao. Chungu cha makaa katikati, watoto watatu wamekizunguka, na yule mdogo anakula amevaa kofia na blanketi mpaka pua. Kila akipumua unaona moshi. Kusema kweli roho iliniuma. Nilitaka kugeuka palepale nikalete jiko mgongoni.

Kisha nikamkumbuka Zaydi na mkono wake begani mwangu. Nikakaa.

Nikamwambia Tuda kwamba mtu mwenye nia njema, kwa mfano mimi, pengine angesaidiwa kidogo na mpishi. Tuda akanitazama, machozi yakamlengalenga.

"Shemeji, mbona unaomba kwa kuzunguka? Njoo mapema Jumapili. Nitakukalisha kwenye bakuli lenye samli nyingi. Utashiba."

Nikasema si habari ya tumbo, ni habari ya kokwa. Akanong'ona kwamba anaelewa, naye alipitia hayohayo mumewe alipofariki. Akainuka, akaniletea kifurushi cha kokwa za tende zilizokaangwa na kusagwa, eti zinachemshwa badala ya kahawa mtu akikwama. Nisimwambie yeyote. Na ile kokwa ya baraka, akasema, inatupwa chunguni na mpishi aliyefumba macho, Bibi Itto, mkubwa wa wazee wote wa mtaa, akiwa amesimama kando. Hata yeye hajui itaangukia bakuli gani.

Nimeondoka na kifurushi. Nimekinywa. Si kibaya.

Jumamosi, 12 Januari

Sasa naandika ile njia.

Kokwa yangu mwenyewe! Naingia nayo shavuni, nakula vijiko viwili vitatu, nashtuka, napiga kelele, naitoa. Nani atapinga? Yule mwenye kokwa ya kweli akijitokeza baadaye, nitasema ameokota ya mwaka jana.

Tatizo likawa kokwa yenyewe. Nyumbani hatukuwa na tende isipokuwa lile sanduku la Mejhul alilonipa Haji Zaydi kwenye harusi ya binti yake, tende kubwa kama vidole gumba, ambazo nilizificha nyuma ya mawe dukani ili Izza asizigawe. Nimezila zote kwa ajili ya kazi. Nikapanga kokwa mezani nikachagua. Mimi ni muuza mawe, jicho ninalo! Nimeteua ndefu, nyembamba, yenye mfereji ulionyooka. Nikaisugua kwa mafuta ya zeituni mpaka ikang'aa. Hakuna mtu aliyewahi kuona kokwa nzuri kama hii.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Kusema bismillahi naweza. Neno asante linatoka na mate. Izza akauliza kutoka jikoni nani anazama majini.

Jumapili, 13 Januari

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Watu walijaa ukumbi wa tanuri. Joto, mvuke, harufu ya samli, watoto wanapiga kelele, wanawake wanapiga vigelegele. Mabakuli makubwa ya mti yamepangwa, kila moja na shimo la asali na samli katikati. Nje theluji inaanguka mfululizo. Tuda akanishika mkono mbele ya watu wote, akanikalisha kwenye bakuli lililojaa kuliko yote. Haji Zaydi akakaa kulia kwangu. Izza mbele yangu, ananitazama kama mtu anayetazama maziwa yanayokaribia kuchemka.

Kokwa ilikuwa shavuni. Kila mtu akataka kunijulia hali. U hali gani, Bassu? Nikasema mmh. Watoto hawajambo? Hatuna watoto, lakini nikasema mmh. Haji Zaydi akatangaza kwamba nimevimba shavu. Mwingine akasema ni jino, baridi ya nyumba isiyo na moto hiyo. Mama mmoja akaanza kulia. Hmad mwoka mikate akausogeza ubao mzima wa mikate mbele yangu huku anatazama ukuta.

Bibi Itto, ambaye umri wake haujulikani na haulizwi, akasoma dua. Tukaanza.

Kijiko cha kwanza, nikameza kwa tabu. Cha pili, samli ikaifanya kokwa iteleze, nikairudisha kwa ulimi. Cha tatu nikajiandaa kushtuka. Nikauma.

Ka!

Nilishtuka kweli. Kitu kigumu kilikuwa upande wa kushoto. Kokwa yangu ilikuwa upande wa kulia!

Sikuwa na muda wa kufikiri. Nilifungua mdomo nikapiga kelele ninayo, ninayo, na zote mbili zikarukia mezani. Moja ndogo, nyeusi, imekunjamana. Nyingine ndefu, inang'aa kama kito. Zikabingirika zikasimama mbele ya Haji Zaydi.

Wote wakainuka kutazama. Hata watoto.

Bibi Itto akaichukua ile ndefu kwa vidole viwili, akaiinua kwenye mwanga. Ukumbi mzima ulijua kwamba hakuna mwanamke wa mtaa huu, tangu mitaa ianze, aliyewahi kutia kokwa ya Mejhul kwenye tagula. Haji Zaydi akaitazama. Akanitazama. Nikaona anakumbuka harusi ya binti yake.

"Bassu," akasema polepole. "Si ulikuwa huna hata mkate?"

Nikafungua mdomo kueleza habari ya kuteseka pamoja na maskini. Asali ikanikaba, nikakohoa. Izza akainuka akaniokoa, au akanimaliza, bado sijaamua.

"Mume wangu hana shida yoyote," akawaambia watu. "Kuni anazo, unga anao, na sebuleni kuna jiko jipya anaogopa kuliwasha lisije likapata masizi. Shida aliyonayo iko juu ya shingo. Anautaka huo ufunguo mpaka anaumwa."

Niliyesubiri anipige ni Tuda. Tuda akaanza kutetemeka mabega. Nikadhani analia. Kumbe anacheka! Akasema, "Basi zile sok..." halafu akaziba mdomo kwa kiganja, maana kutaja ulichotoa ni haramu, na huku kaziba akaendelea kucheka mpaka akakaa chini. Hapo ukumbi wote ukalipuka. Haji Zaydi alicheka mpaka ufunguo ukatumbukia kwenye samli. Hmad kwa mara ya kwanza aliacha kutazama ukuta. Na mimi, sijui kwa nini, nikacheka nao. Tumbo liliniuma kwa raha.

Walipotulia, wakauliza sasa itakuwaje. Zaydi akasema tagula ipikwe upya. Bibi Itto akamwambia, "Wewe mtoto, kaa." Zaydi, na ndevu zake nyeupe, akakaa.

Bibi Itto akahukumu hivi. Kokwa ya kweli imeingia kinywani mwa Bassu bila hila, hilo halipingiki, baraka imekuja nyumba yake. Lakini iliingia ikakuta mgeni. Kwa hiyo ufunguo utakwenda nyumbani kwa Bassu, ila shingo itakayouvaa ni ya Izza. Na Bassu, kwa kuwa ana nguvu za kuteseka pamoja na maskini, atabeba mizigo yote ya ghala mpaka theluji iyeyuke. Punda wa Haji Zaydi kazeeka, apumzike.

Vigelegele! Walimvisha Izza ufunguo ukiwa bado unadondosha samli.

Nimekaa sasa jikoni kwenye moto. Niligonga, akanifungulia. Jambo moja linanikereketa. Kama ningeingia na mdomo mtupu, leo ningekuwa mshika ufunguo kwa haki kabisa. Haki kabisa! Tuda kaapa kwamba alifumba macho.

Jumatatu, 14 Januari

Amri ya kwanza ya mshika ufunguo ilitolewa kabla sijanywa chai. Jiko la sebuleni, kwa Tuda, mgongoni kwangu.

Ni zito kuliko nilivyolikumbuka. Nilivaa soksi za kijivu. Nilitembea katikati ya njia, na mashahidi sikuwakosa kabisa, maana mtaa mzima ulitoka milangoni. Kila niliyempita alinipigia makofi. Haji Zaydi alitembea mbele kunifungulia njia ya theluji kwa koleo, anaita, "Pisheni, Mejhul anapita!" Nadhani jina hili halitaniacha.

Tuda alifungua mlango, akaliona jiko, akarudi nyuma kutupisha. Izza akamwambia ghala limeleta. Hakutaja nani alikuwa nalo. Nikafunga bomba mwenyewe, nikachoma kidole, nikawasha. Moto ukaunguruma. Baada ya muda yule mtoto mdogo akavua blanketi. Akavua kofia. Akaniangalia, akavua na shati, akaanza kucheza mbele ya jiko kifua wazi, ndugu zake wakamfuata, mama yao anawakemea huku anafuta macho.

Naandika hili kwa kuwa ni kweli. Sijawahi kuuza jiwe lolote lililonipa furaha ya namna ile. Nilibaki pale mpaka Izza akanivuta kwa kofia ya jelaba, kuna nyumba nyingine zinasubiri kuni.

Jumanne, 15 Januari

Mgongo hauinuki. Lakini nimelala vizuri, na kichwa kimetulia, na nimefikiri sana juu ya yaliyotokea. Funzo nimelipata.

Kosa lilikuwa ukubwa wa kokwa.

Mtu mzima, muuza mawe, nikachagua kwa uzuri badala ya ufanano! Asubuhi nilipopeleka kuni kwa Tuda nilimwambia ile kahawa yake imenikaa vizuri tumboni, anipe kokwa ambazo hazijakaangwa nikajaribu mwenyewe. Akanitazama kidogo, akatabasamu, akanijazia kiganja. Ndogo, nyeusi, zimekunjamana. Za kawaida kabisa. Nimezificha ndani ya soksi moja, ambamo Izza hawezi kutafuta.

Mwaka mpya ujao uko mbali, lakini anayeanza mapema hujipa muda. Nimekuwa na moja shavuni tangu adhuhuri. Izza, na ufunguo wake shingoni, kaniuliza kama nimepeleka unga nyumba ya juu. Nikamjibu vizuri, maneno yote, bila tone la mate. Hakugundua chochote!

Kisha akaniletea supu ya dengu, ya moto. Nimeinywa yote, pamoja na kokwa. Si kitu. Zimebaki nyingi.